Spitfire 1/48: rangi imekuwa kama msasa, dekali zina ukungu wa fedha. Inaokoleka?

Mwewe_SouthB

Habari za jioni wadau. Ndege ni modeli ya plastiki ya Spitfire Mk IX, skeli ya 1/48, rangi za RAF (jeshi la anga la Uingereza): kijani na kijivu cha Ocean Grey juu, kijivu hafifu tumboni. Nimetumia akriliki za Tamiya, XF-81, XF-82 na XF-83, nusu kwa nusu na thina yao ya X-20A. Brashi ya hewa ina nozeli ya milimita 0.3, kompresa iko psi 25 (presha ya hewa), umbali kama sentimita 15. Nimepuliza saa nane mchana, jua hili la Januari.

Bawa linapokutana na kiwiliwili, rangi inakwaruza kama msasa. Dekali (vibandiko vya maji vya alama na herufi) za upande wa kushoto nilizibandika moja kwa moja juu ya rangi hiyo. Zikiwa na maji zilikuwa safi kabisa, zilipokauka utando wa kuzunguka herufi ukatoa ukungu wa fedha, na hapa na pale kuna miviringo myeupe. Halafu tepu ya karatasi ya kuzibia mstari wa njano wa mbele ya bawa imeng'oa rangi hadi plastiki. Praima, koti la kwanza la kushikisha rangi, sikuweka. Maji ni ya mfereji wa ploti, yaani ya kisima.

Upande wa kulia bado haujabandikwa kitu. Kuna njia ya kuokoa bila kuvua rangi yote?

Msasa2000

Ipo. Ila jua kwamba hilo la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Rangi yako inakauka ikiwa bado angani. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Januari hewa ni kavu. Tone dogo likisukumwa na psi 25 kutoka sentimita 15 linapoteza thina njiani na kutua likiwa vumbi. Pale kwenye shina la bawa ni kubaya zaidi kwa sababu hewa inagonga kona, inarudi, na kulirusha vumbi lile lile upya. Ndiyo maana katikati ya bawa huenda ni laini na kona ni msasa.

Punguza vitatu kwa pamoja: psi 12 hadi 15, umbali wa sentimita 5 hadi 8, na mchanganyiko uwe rangi sehemu moja kwa thina mbili. Ukilainisha rangi ukaacha psi 25, itatawanyika miguu ya buibui. Ukishusha presha ukaacha rangi nzito, itatema matone. Dalili kwamba uko sawa: rangi ikitua inameta kwa sekunde mbili tatu, kisha inafifia. Ikitua tayari imefifia, sogea karibu.

X-20A si mbaya, lakini kwa hali ya hewa ya hapa Mr. Color Leveling Thinner ni bora. Ina kichelewesha ukaukaji ndani yake, na akriliki za Tamiya zinaielewa vizuri. Usiitie kwenye Vallejo. Inageuka ute, na utashinda ukizibua nozeli. Na pulizia asubuhi, si saa nane. Rangi ikianza kuganda kwenye ncha ya sindano, ifute kwa pamba ya masikio iliyolowa thina kila baada ya dakika chache, usisubiri iteme.

Kona zilizokwaruza: subiri siku nzima, kisha msasa namba 2000 wenye maji na tone la sabuni, mkono mwepesi, unapita kufuata mkondo wa hewa. Unaondoa vilele tu. Ukiona rangi ya plastiki umezidisha. Halafu pitisha koti moja jembamba la rangi ile ile kwa vipimo vipya.

Bi_Rubani

Kuhusu dekali. Ule ukungu si gundi wala uchafu, ni hewa. Rangi isiyong'aa ina vilima na mabonde madogo. Utando wa dekali unalala juu ya vilima na kuacha hewa kwenye mabonde, mwanga ukigonga hewa hiyo unarudi kama fedha. Maji yakiwepo hayo mabonde yamejaa, ndiyo sababu ulidanganyika ilipokuwa mbichi.

Za kushoto zitibu hivi. Chukua sindano mpya ya kushonea au ncha ya wembe, toboa ukungu vitundu vidogo vidogo, mbavu kwa mbavu, ndani ya utando tu na si juu ya wino ukiweza. Weka Micro Sol (dawa ya kulainisha dekali) kwa brashi, acha ijiingize yenyewe. Dekali itajikunja mikunjo ya kutisha. USIIGUSE. Utando uko laini kama ugali wa moto, ukiuvuta umechanika. Utajinyoosha ukikauka. Rudia mara tatu au nne, kila mara umeacha saa kadhaa. Miviringo myeupe ni chumvi ya maji ya kisima, futa kwa pamba yenye maji safi kabla ya kuanza kutoboa.

Upande wa kulia usirudie kosa. Kwanza klia (vanishi isiyo na rangi) ya kung'aa: X-22 ya Tamiya sehemu moja, Leveling Thinner mbili, makoti mawili mepesi na la tatu la majimaji kidogo. Acha saa 24. Mabonde yameshajaa klia, hewa haina pa kujificha.

Kisha kata dekali karibu na wino kadiri mkono unavyokubali. Herufi kubwa za kikosi ndizo zenye utando mpana, na kule ndani ya O au D hakuna mkasi unaofika, kwa hiyo klia ndiyo kinga yake. Chovya sekunde 10 hadi 15, weka juu ya tishu dakika moja, usiiache ielee kwenye bakuli hadi gundi yote iishe. Paka Micro Set (dawa ya kuandaa uso) mahali pake, telezesha, kandamiza kwa pamba ya masikio yenye unyevu kutoka katikati kwenda nje. Baada ya dakika kumi, Micro Sol. Watu huzichanganya: Set inatangulia chini, Sol inafuata juu.

Maji: tumia yale safi ya kuongeza kwenye betri ya gari, yanauzwa kituo cha mafuta. Soma lebo, maana kwenye rafu hiyo hiyo kuna asidi ya betri na vidumu vinafanana.

Kona_ya_Msasa

Micro Set haihitajiki. Siki nyeupe ya jikoni nusu, maji nusu, kazi imekwisha. Chupa ya Set yenyewe inanuka siki.

Bi_Rubani

Kwa Set nakubali, ina asidi ile ile, inasafisha uso na kusaidia dekali ishike. Kwa Sol sikubali. Siki hailainishi utando kiasi cha kuushusha ndani ya mistari ya paneli (vifereji vya viungo vya mabati), hasa dekali nene. Na yeyote anayefikiria thina ya magari badala ya Sol, aijaribu kwanza kwenye dekali asiyoihitaji aone inavyoyeyuka. Hata Sol yenyewe ijaribiwe hivyo, kuna dekali zinazosikia haraka mno.

FundiPati

Hakuna aliyegusa tepu, na hilo ndilo litakalokurudisha nyuma tena.

Akriliki juu ya plastiki tupu haishiki sana. Plastiki inatoka kiwandani na mafuta ya kuitoa kwenye kalibu ya chuma, kisha vidole vinaongeza yake. Osha fremu zinazoshika vipande kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo kabla hujakata kipande hata kimoja, na baada ya kuunganisha futa tena. Kisha praima: Mr. Surfacer 1200 au 1500 iliyolainishwa vizuri, inauma plastiki yenyewe. Na inafichua mashimo ya pati kwenye kiungo cha chini ya bawa, ambacho kwa Spitfire nyingi hakikosi pengo.

Palipong'oka: ukingo wa rangi ni ngazi, na ngazi itaonekana hata chini ya koti jipya. Ilainishe kwa namba 1500 halafu 2000 mpaka kucha isikwame, gusa praima hapo tu, kisha rangi.

Tepu uibandike kwanza kwenye kiganja au kioo cha dirisha mara mbili, ipungue nguvu. Ukiitoa, ikunje ijirudie yenyewe na uivute chini chini, usiinyanyue wima.

Na mstari wa njano haukuwekwa kwa mpangilio sahihi. Njano ni rangi dhaifu, juu ya kijani inahitaji makoti mengi na inabaki na ukingo mnene. Anza na nyeupe, juu yake njano, izibe, ndipo uje na kijani na kijivu. Kwa sasa umechelewa, hivyo ziba, puliza nyeupe nyembamba, kisha njano. Uanzie nje ya mzinga kuelekea ncha ya bawa, si bawa zima. Kosa hili nimeliona kwenye ndege nyingi zilizopakwa vizuri.

Tahadhari moja kwa za kushoto: wapo watakaokwambia uzitoe kwa tepu. Kwa rangi isiyo na praima kama yako, tepu itatoka na dekali, kijani na kijivu. Fuata sindano ya Bi_Rubani.

Mwewe_SouthB

Asanteni sana. Nimeelewa mpangilio: msasa kwenye kona, kiraka cha praima, njano, klia, kisha dekali za kulia huku nikitoboa za kushoto. Maswali mawili. Klia ya makopo ya mafundi wa magari, ile ya Kirinyaga Road, inafaa badala ya X-22? Na klia ya mwisho ya kufifisha, naipuliza lini?

Msasa2000

Ya magari usiitumie hapa. Thina yake ni kali, ikilowesha dekali inazikunja, na ikifika plastiki tupu inaichoma mpaka itoe nyufa ndogo kama utando wa buibui. Koti lake pia ni nene, linafukia mistari ya paneli yote. Thina hiyo inunue kwa kuoshea brashi tu, dirisha likiwa wazi na barakoa ya mvuke usoni. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke.

Ya kufifisha inakuja mwisho kabisa. Dekali zikauke siku moja, futa mabaki ya Sol na gundi kwa maji, puliza klia ya kung'aa tena kufunika kingo za dekali, weka wino wa mafuta wa kahawia iliyokoza kwenye mistari ya paneli, futa ziada, kisha klia isiyong'aa. Kioo cha rubani kiwe bado kimezibwa.

FundiPati

Kwa Januari hii hutapata shida. Ukichelewa mpaka mvua za Aprili au baridi ya Julai, klia isiyong'aa ya laka inaweza kugeuka nyeupe kama maziwa: thina ikiruka inapooza uso, unyevu wa hewa unanasa ndani. Ikitokea, usiisugue. Puliza Leveling Thinner tupu, ukungu mwembamba tu, irudi kuwa wazi. Na mwaga maji kwenye chujio la kompresa kabla ya kila koti miezi hiyo. Tone moja la maji katikati ya bawa halifutiki.