Laptopu ya laki nne: nibaki na Windows au nihamie Linux?

Mama Fotokopi, Arua
Habari zenu. Nina kibanda cha fotokopi hapa Arua, Uganda. Nilinunua laptopu ya mtumba kwa shilingi laki nne: prosesa ya Celeron N3350, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, na hifadhi ya ndani GB 32 tu. Windows 10 imeijaza, kila ikitaka kusasisha inalalamika nafasi haitoshi. Aliyeniuzia aliapa itapanda hadi Windows 11. Leo simu zangu hapokei. Kazi zangu ni barua, wasifu, kadi za harusi na kuskani. Mteja haisubiri hiyo mashine iwake, anavuka barabara kwa jirani.

Fundi wa Bombo
Pole mama, hapo ulidanganywa. Windows 11 inadai hifadhi ya GB 64, na prosesa yako haimo kwenye orodha ya Microsoft. Windows 10 nayo muda wake wa kawaida wa kupata masasisho uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Weka Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, lile toleo lake jepesi liitwalo Xfce. Inatosheka na RAM GB 2, kwa hiyo 4 zako ni raha. Faili lake la kusakinisha linazidi GB 2, basi lipakue penye Wi-Fi, usichome bando lako.

Kijana wa Mbale
Kwa nini asiweke ChromeOS Flex, mfumo wa Google? Ni bure na nyepesi.

Fundi wa Bombo
Nyepesi, ndiyo, ila kazi zake nyingi zinategemea intaneti. Umeme ukikatika Arua na ruta ikazima, ataandikia barua wapi?

Mama, usifute kitu bado! Weka Mint kwenye flashi, washa laptopu kutoka humo, kisha uchomeke printa ujaribu kuchapa na kuskani. Mimi nilimfutia mwalimu mmoja Windows bila kujaribu, printa yake ikagoma wiki nzima. Mpaka leo akiniona anaulizia printa kwanza, salamu baadaye.

Mama Fotokopi, Arua
Na faili za wateja za Word?

Fundi wa Bombo
LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, inazifungua. Fonti ya Calibri isipokuwepo, fonti ya Carlito inashika nafasi yake, upana wa herufi ni uleule. Kadi zenye mapambo ndizo huvurugika. Mwambie mteja alete PDF.

Mama Fotokopi, Arua
Nimejaribu kwa flashi jana usiku. Printa imechapa. Skana imekaa kimya, basi sijafuta chochote. Jumamosi nitaazima skana ya shemeji nione kama kosa ni la skana au la Mint.