Mzani wa getini unapima nini kama maji ya Karanga hayapimwi?

Wakuu, salamu. Nimeshuka Kilimanjaro juzi kwa geti la Mweka na hasira haijaisha, kwa hiyo mtanivumilia. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na nyuzi za matangazo ya safari za Kili. Hapa nazungumzia kazi, na watu wanaoumia kazini.

Mimi ni mgumu. Kwa wasiojua, hilo ndilo jina letu wapagazi wa Kilimanjaro. Njia ninayofanya zaidi ni Machame: unaingia geti la Machame, unapita kambi za Shira, Barranco, Karanga, Barafu, mgeni (mtalii) anakwenda kilele cha Uhuru mita 5,895, kisha wote mnashukia Mweka. Mnaoujua mlima kwa picha mnajua kilele. Sisi yanatumaliza mabonde.

Kanuni kila mtu mlimani anaijua: mzigo wa kampuni usizidi kilo 20 kwa mpagazi mmoja. Nguo zako na matandiko yako ni juu yako. Getini kuna mzani, askari wa hifadhi amesimama, kiroba kinatundikwa, kinasomwa, unapita. Kwenye karatasi kila kitu safi.

Sasa sikieni kilichofanyika safari hii. Tulipima tukiwa wengi. Mbele kidogo ya geti, ndani ya msitu, vijana kadhaa waliokuja kupima tu wakatua viroba, wakapewa chao, wakarudi zao. Mizigo ile ikagawanywa kwetu tuliobaki. Serikalini wapo wafanyakazi hewa. Mlimani tuna wapagazi hewa, na mzigo wa mpagazi hewa lazima ubebwe na mtu mwenye shingo. Mtungi wa gesi ukaja kwangu. Meza ya wageni ikaenda kwa dogo mmoja ambaye tayari alikuwa na hema la kulia chakula. Tulipouliza, jibu likawa: chakula kinaliwa kila siku, mzigo utapungua wenyewe.

Ni kweli chakula hupungua. Maji ndiyo yanaongezeka, na hapa nataka mnisome vizuri.

Ukitoka Shira unapandishwa mpaka Lava Tower, mita 4,630, halafu unashushwa bonde la Barranco, karibu mita 3,950, ili mgeni azoee hewa nyembamba. Kwa afya yake ni sawa, sina neno. Asubuhi mnaanza na ukuta wa Barranco, mita zaidi ya 250 za mawe matupu. Mgeni anapanda kwa mikono miwili. Mgumu ana kiroba kichwani, mkono mmoja umekishika, ule mwingine ndio unatafuta jiwe la kujishikilia. Ukimaliza ukuta unadhani siku imekwisha. Thubutu! Kuna vibonde, shuka panda, shuka panda, mpaka unatokea ukingoni mwa bonde la Karanga na kambi unaiona pale ng'ambo, karibu kabisa. Kati yako na kambi kuna mteremko mkali unaoteleza, kijito chini, halafu mpando wa kukata pumzi.

Kijito hicho ndicho maji ya mwisho kwa njia hii. Kutoka hapo mpaka Barafu, mita 4,673, hakuna mahali pa kuchota. Maji ya kupikia jioni, chai ya usiku wa manane kabla ya kuanza kilele, chupa za kila mgeni, yote yanatoka Karanga yakiwa juu ya mwili wa mtu.

Dumu la lita 20 ni kilo 20. Pigeni hesabu. Dumu moja peke yake ni mzigo kamili wa mpagazi mmoja kwa kanuni ileile ya getini, na halijawahi kuhesabiwa kwa sababu getini lilipita tupu!

Zipo kampuni zinazoajiri watu wa kutosha kwa ajili ya maji. Nimefanya nazo kazi, nazishukuru. Zipo zinazokuambia ufikishe kiroba Barafu kwanza, halafu ugeuke kurudi Karanga kuchota, upande tena. Hiyo ni kazi mbaya, lakini angalau mgongo unapata mzigo mmoja kwa wakati. Hii ya safari yetu ilitaka vyote kwa pamoja, dumu juu ya mzigo ulio nao. Na kwa kuwa wageni waliuziwa siku sita, Karanga hatukulala. Barranco mpaka Barafu siku moja, bila kupumzika, maji yakiwa mgongoni.

Dogo alipewa dumu la lita 10, wakamfungia kwa kamba juu ya begi lake la mgongoni, na kichwani bado ana kiroba. Dumu halikuwa na kifuniko, limezibwa kwa kitambaa. Kila akijikwaa maji yanamwagika shingoni, yanashuka mgongoni ndani ya jaketi. Juu ya Karanga hakuna mti wala kichaka cha kukinga upepo. Tulipofika Barafu kola ya jaketi ilikuwa imeganda, na vidole vyake havikuweza kushika zipu. Nilimfungulia mimi. Kiongozi wa msafara alikuja pale akauliza kitu kimoja tu: maji yamebaki kiasi gani?

Usiku kichwa kikamuuma, akatapika mfululizo. Alfajiri akashushwa na mwenzetu mmoja, na mizigo yao wawili tukagawana tena. Tulipofika chini akakatwa siku zilizobaki kwa maelezo kwamba hakumaliza safari. HAKUMALIZA! Aliyemnyeshea maji ya baridi kutwa nzima hakukatwa hata shilingi.

Najua watakuja watetezi humu kusema mgeni alilipa pesa ndogo, kampuni ifanyeje. Wakuu, ada za hifadhi hazina punguzo la urafiki. Kampuni inalipa ya kuingia, ya kambi na ya uokoaji kwa kila mgeni, iwe imeuza ghali au rahisi. Kwa hiyo anayeuza bei ya kutupa lazima akate mahali, na anakata kwa idadi yetu, kwa chakula chetu, kwa malipo yetu. Hakuna safari ya bei rahisi Kilimanjaro, kuna safari ambayo sehemu ya gharama amelipa mgumu.

Wengine mtasema tuache kazi. Tuache twende wapi? Kila asubuhi getini wamejaa vijana kutoka Machame, Moshi mpaka Arusha, wanaomba kiroba chochote. Bosi anajua. Ndiyo maana anajibu anavyotaka.

Agosti 2022 ilizinduliwa intaneti ya kasi pale kambi ya Horombo, mita 3,720. Nilifurahi na bado nafurahi, mtu akiumia taarifa inafika haraka. Lakini kama mitambo ya intaneti imepanda mlimani, mzani unashindwa nini kutumika Karanga? Safari yetu nzima hatukupimwa tena baada ya geti.

Ninachotaka ni hiki. Tuhesabiwe kwa majina kambi ya kwanza jioni, siyo getini tu, wapagazi hewa waonekane. Tupimwe Karanga tukiwa na maji. Na msafara unapopangiwa idadi ya wapagazi, maji ya Barafu yaingie kwenye hesabu tangu ofisini, kwa lita. Ninyi mnaopeleka wageni, mko Dar, Ujerumani, Muscat, popote, kabla hujalipa muulize wakala swali moja: nani atabeba maji kutoka Karanga? Akigugumia, tafuta mwingine.

Sitaji jina la kampuni, sitaki kesi. Ila bosi najua unapita humu na umejitambua tangu mstari wa mtungi wa gesi. Dogo yuko kwao, shingo haigeuki, hospitali ameandikiwa dawa na pesa hana. Mlipe siku zake zote.