Kuondoka aondoke, lakini TIKITI kichwani lilikuwa la nini?

Msaka Joto (mwanzisha uzi)

Wakuu, nawasalimu. Mods, nawaomba msiupeleke uzi huu kule "Michezo Mengineyo". Hii sio michezo, haya ni maumivu.

Jina lake silitaji. Mnamjua, yule wa timu yetu ya Winnipeg, ligi ya futiboli ya Kanada, ile ya kuvaa helmeti. Kila mwenye runinga jimboni kwetu Manitoba anamjua, hata mama mkwe wangu anamjua na yeye anadhani mchezo wenyewe ni raga.

Leo ni Jumanne ya pili ya Februari, siku ya wachezaji huru, wale waliomaliza mikataba. Mlango unafunguliwa saa 6 mchana ya Toronto, huku kwetu saa 5 asubuhi. Niko ghalani kazini, nimeegemea foklifti, nje nyuzi 31 chini ya sifuri. Saa 5 na dakika chache simu ikatetemeka. Kasaini kwa majirani, Saskatchewan.

Saini sina neno nayo. Mikataba ya ligi hii mingi ni ya mwaka mmoja mmoja, kila Februari virago viko nje, tumezoea. Ila picha! Wakuu, mmeiona ile picha? Jamaa kavaa tikiti maji kichwani, kama mashabiki wa hao majirani. Limekatwa, limekombwa, wamelichonga helmeti, maji yanamchuruzika mpaka kwenye ndevu. Na anacheka. ANACHEKA. Mwanaume wa kilo 140 anacheka na mbegu imemganda kwenye nyusi.

Novemba huyuhuyu, siku wanakusanya vitu vyao makabatini, kaweka mkono kifuani akasema haendi popote, hapa ndio nyumbani. Tena kwa macho mekundu. Mimi nikalia. Kumbe mwenzangu anapima kichwa kitaingia tikiti la ukubwa gani.

Na ni mzawa! Angekuwa Mmarekani ningemeza. Sheria mnaijua: kati ya 24 wanaoanza, 12 wa kushambulia na 12 wa kuzuia, lazima saba wawe Wakanada, na juu yao anaongezwa yule tunayemwita mzawa wa makaratasi, Mmarekani aliyekaa miaka mitatu timu moja au mitano ndani ya ligi. Sisi wazawa wetu tumewapanga kwenye ukuta wa mbele, wale majitu wanaomkinga kwotabeki, mrusha mpira wetu. Akitoka mmoja huendi tu Texas kuchukua jitu lingine. Ukiweka Mmarekani ukutani, itabidi Mmarekani mwingine atoke kule kwenye wapokeaji au walinzi, aingie mzawa ambaye mpaka juzi alikuwa anabeba chupa za maji. Katoka mtu mmoja, nafasi tatu zinayumba. Na yeye analijua hilo. Analijua vizuri kabisa na bado KAVAA TIKITI.

Halafu majirani wenyewe ni haohao waliokuja Novemba 2025 kubeba kombe kwenye uwanja WETU. Wamekuja, wamekula, wamebeba, na sasa wamerudi kumchukua mwenye nyumba.

Jezi yenye jina lake mtoto nilimnunulia Krismasi. Kaiona picha, kaniuliza: "Baba, kwa nini amevaa tunda?" Nimjibu nini, wakuu? Nimjibu nini?

Wizara ya kilimo ipige marufuku hilo tunda. Nimemaliza. Sijamaliza.

Kijiti cha Mwisho

Navuta kiti. Bisi ziko wapi?

Mama Pilipili

Msaka Joto, wewe si ndiye mechi ya marudiano Septemba uliondoka robo ya tatu ukasema mbu wa Winnipeg wanakuonea? Leo ndio umekuwa mwenye timu?

Msaka Joto

Dada yangu, mbu ni suala la afya. Tuongee tikiti.

Hesabu Kali

Mkuu punguza povu kidogo nikueleweshe. Ligi ina kikomo cha mishahara, kikosi kizima kinagawana kama dola milioni 6 za Kanada. Kwotabeki wa maana peke yake anaondoka na nusu milioni au zaidi. Mnaobaki mnagombania mfupa. Sasa mzawa wa ukutani ni adimu kwa sababu ya sheria hiyohiyo uliyoieleza. Wamarekani wa nafasi yake wamejaa tele, yeye hana mbadala, kwa hiyo bei anapanga yeye. Jirani akimtajia nono utamzuia kwa lipi, mapenzi? Na usisahau kabla ya leo kulikuwa na dirisha la mazungumzo, timu zote zilikuwa huru kuongea naye. Kwa vyovyote mambo yaliiva tangu wiki iliyopita.

Msaka Joto

Kwa hiyo tikiti lilikaa kwenye FRIJI wiki nzima?? Sisi tunamwombea apone goti, yeye ana tikiti kwenye friji??

Hesabu Kali

Nimeandika aya nzima ya mishahara, umeona friji tu.

Mwana wa Bukavu

Jambo ba ndugu. Miye niko Hamilton. Ule muntu wenu amefanya nini ya mupya? Henoc Muamba, mutoto wa kuzaliwa Kinshasa, ni nyie Winnipeg mulimuchagua wa kwanza kabisa mu kugawana wachezaji wapya ya 2011. Akaenda, akazunguka, akafika Toronto. Fainali ya 2022 pale Regina, nani aliwanyanganya mupira mu dakika za mwisho? Ni ye. Toronto 24, nyie 23. Akabeba zawadi zote mbili, muchezaji bora wa mechi na Mukanada bora wa mechi. Na hakuvaa hata limau.

Msaka Joto

Hakuvaa hata limau! Asante sana kaka. Hiyo ndiyo hoja yangu yote tangu asubuhi. Muamba alitupiga kwa heshima. Huyu hata mechi moja bado hajatupiga na tayari kavaa matunda.

Mkenya wa Edmonton

Wacheni kulia bana. Kutoka 2019 mpaka 2024 kila msimu uliochezwa mlikuwa fainali, fainali tano mfululizo, na bado mnalia? Sisi huku kombe la mwisho tuliguza 2015. Jina la timu tukabadilisha, makocha tukabadilisha, hadi mimi nikabadilisha kiti, na bado. Huyo wenu mpatieni baraka zake aende.

Kijiti cha Mwisho

Fainali tano, na tatu za mwisho walizabwa zote. Usiwasifie sana.

Mwana wa Bukavu

Wa Edmonton, 2015 ni juzi. Sisi Hamilton ni tangu 1999. Miye sikukuwa hata na ndevu.

Futi Sita na Nusu

Jamani naomba kuuliza wataalamu. Mimi bado nina pasi ya Tanzania tu. Nasikia tangu 2019 kuna nafasi zimetengwa kwa wachezaji wasio Wakanada wala Wamarekani. Nafiti?

Hesabu Kali

Kwa uraia unafiti. Shida ni kwamba nafasi hizo zinamezwa na Waaustralia wa kupiga mpira kwa mguu. Una mguu?

Futi Sita na Nusu

Ninayo miwili ila mmoja una gauti.

Mama Pilipili

Mwache, apewe orodha ya majeruhi ya mechi 6. Huko mshahara unalipwa na kwenye kikomo hauhesabiwi. Timu zinaipenda hiyo.

Bibi Karatasi

Mnahangaika na tikiti wakati kuna uonevu mkubwa zaidi. Kila timu ina orodha yake ya majina 45 ya haki za mazungumzo. Kijana yuko zake Alabama anasoma chuo, hana habari hata Saskatchewan iko upande gani, kumbe jina lake limeshaandikwa na timu ya Kanada. Siku akitaka kuja huku anaambiwa haruhusiwi kuongea na wengine, ana mwenyewe. Na mengi ya majina hayo hayatangazwi! Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Kijiti cha Mwisho

Kaposwa bila mahari na bila kuonwa.

Msaka Joto

Bibi Karatasi, fungua uzi wako. Hapa kuna mtu ana mbegu kwenye nyusi.

Mzee wa Yadi 110

Vijana hamna shida nyie. Kuanzia 2027 uwanja wetu wa yadi 110 unakatwa kuwa 100, na milingoti ya goli inarudishwa nyuma kabisa. Mnapokonywa mchezo mchana kweupe, mnajadili kofia ya mtu! Mimi nilihamia mchezo huu kwa sababu haukuwa wa Marekani. Dauni tatu, yaani majaribio matatu tu ya kusogeza mpira, watu 12, uwanja mkubwa mpaka unachoka kuutazama. Watakapokuja kugusa dauni tatu nawaapia nahamia kuangalia kaling'i, ile ya kusukuma mawe kwenye barafu.

Mkenya wa Edmonton

Mzee, wamesema dauni tatu haziguswi.

Mzee wa Yadi 110

Na huyo wa tikiti alisema haendi popote.

Msaka Joto

MZEE!!! Naomba uheshimiwe na kila mtu kwenye jukwaa hili. Mkono kifuani kabisa, wakuu, kifuani, halafu tunda.

Subira Njema

Samahanini, mimi mchezo siufuatilii, nimeingia kwa kichwa cha habari. Hivi hilo tikiti Februari hii wamelipata wapi? Mimi dukani nimeona kipande tu, robo yake, bei nikadhani wameandika namba ya simu.

Mama Pilipili

Sema tena dada. Na hata hilo la bei hiyo halina utamu, maji matupu. Mashabiki wao wana pesa za kuchezea, kila mechi wanavaa matikiti uwanja mzima.

Subira Njema

Uwanja mzima? Na nyama yake ya ndani wanaipeleka wapi?

Hesabu Kali

Swali la msingi kuliko yote kwenye uzi huu.

Futi Sita na Nusu

Tikiti ni nafuu. Mmeona mihogo? Ile ya kugandishwa ilikuwa pakiti mbili kwa noti moja, sasa pakiti moja na bado unakuta mizizi.

Mwana wa Bukavu

Sombe, ile nyie munaita kisamvu, nayo imepanda. Pakiti moja ndogo, unapika, inaisha mbele ya kufika mezani.

Bibi Karatasi

Kwa kuwa tumefika kwenye chakula, niseme. Siku ya fainali Novemba tulikutana pale kwa mtu, mnamjua, kila mmoja alete kitu. Mimi nimepika pilau ya watu thelathini, nimeamka alfajiri kukaanga vitunguu. Wanaume wengine walikuja na soda moja ya chupa. MOJA. Tena imeshafunguliwa.

Kijiti cha Mwisho

Ilifunguka yenyewe garini kwa barafu, jamani nimeshaeleza.

Mama Pilipili

Kumbe ni wewe!

Msaka Joto

Wakuu tusitoke nje ya mada. Mmeona sasa ameweka na video? Anatikisa kichwa na tikiti halidondoki. Wamelitia kamba ya kidevuni.

Bibi Karatasi

Na huyo wa soda alikula sahani ngapi? Mulizeni. Halafu akabeba na kiporo.

Kijiti cha Mwisho

Kiporo nilipewa na mwenye nyumba. Mashahidi wapo.

Mkenya wa Edmonton

Hiyo pilau ilikuwa na viazi?

Bibi Karatasi

Pilau ya wapi isiyo na viazi?

Mzee wa Yadi 110

Ya kwetu Tanga haina viazi. Mtu akiweka viazi ujue nyama ilikuwa kidogo.

Bibi Karatasi

Mzee nakuheshimu, lakini hapo umenigusa pabaya. Nyama ilikuwa kilo saba.

Mwana wa Bukavu

Miye nilikula ile pilau. Viazi vilikuwa mingi.

Msaka Joto

Jamani. Kamba ya kidevuni.

Subira Njema

Kilo saba kwa watu thelathini ni sawa kabisa. Dada Bibi Karatasi, hiyo binzari nyembamba unanunua wapi huko? Mimi ninayopata haina harufu.

Bibi Karatasi

Nakutumia ujumbe pembeni. Na wewe wa soda, kiporo ulibebea kwenye hotpoti yangu ya bluu, ile ya maua. Ina kifuniko. Naitaka na kifuniko chake.