Naomba ushauri: naogopa kuzaa hadi nakosa usingizi

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 22, niko mwaka wa tatu chuoni. Sina mimba wala sijawahi kuwa nayo, lakini hofu ya kujifungua imenitawala.

Ilianza nikiwa na miaka 14, nilipomsikia dada yangu akilia kwa uchungu chumba cha pili. Alijifungua salama, mtoto sasa anasoma, ila kile kilio hakijanitoka. Juzi mhadhiri alionyesha video ya mama akijifungua. Viganja vikalowa jasho, masikio yakavuma, nikatoka nikakaa kwenye ngazi mpaka kipindi kikaisha. Tangu hapo nashtuka saa tisa usiku, na siku zangu zikichelewa kidogo tu napima mimba mara tatu, wakati sijakutana na mwanaume.

Nimesoma kwamba hali hii inaitwa tokofobia, na kwamba mwaka 2000 madaktari wa akili Kristina Hofberg na Ian Brockington waliieleza kwenye jarida la Uingereza. Iko ya wasiowahi kuzaa, kama mimi, na ya waliopata uzazi mgumu. Kujua hivyo kulinipunguzia aibu.

Mchumba wangu anataka tuoane nikimaliza chuo. Sijamwambia. Mama nilimgusia, akasema, "Utazoea, wote tumezaa." Jamani, neno hilo linaumiza.

Aliyepata tiba ya mazungumzo kwa hofu hii, ilikusaidia? Nianzie kwa mshauri wa chuo au kwa mkunga? Na mchumba nimwambieje?