Naomba ushauri: kanda za RTD zimeota ukungu

Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni. Marehemu baba alikuwa akirekodi vipindi vya Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye kaseti: Mama na Mwana, Pwagu na Pwaguzi, hata taarifa ya habari. Nyingi ni za miaka ya 1980, enzi ambazo redio binafsi hazikuwepo. Sasa utepe umeota ukungu mweupe pembeni, na sauti ya moja imeanza kufifia. Naogopa kuzipiga, redio isije ikazila. Huo ukungu unasafishwaje bila kuharibu sauti? Na kwa hapa Dar, naweza kumpata wapi fundi mwangalifu wa kuzihamishia kwenye kompyuta? Mama anaziulizia sana, natamani azisikie akiwa bado na nguvu.