Kufungwa mkanda wa hewa pajani na kufanya mazoezi baada ya operesheni ya goti (BFR), ni salama kweli?

Binti_Winga

Habari za humu wakuu. Naomba kueleweshwa na wenye ujuzi, hasa mafizio na waliowahi kupitia hii kitu. Nilikatika ACL (ile ligamenti ya mbele iliyo ndani ya goti) uwanjani nikafanyiwa operesheni, wakachukua kano ya nyuma ya paja wakatengenezea ligamenti mpya, na minisikasi (ile gegedu ya ndani ya goti inayopunguza mshtuko) nayo ikashonwa sehemu. Kidonda kimefunga, nyuzi zilishatolewa, goti linanyooka karibu lote ila paja limenywea mpaka naogopa, yaani ukiyaweka mapaja mawili pamoja unaona kabisa hili la operesheni limebaki jembamba, na hata nikikaza msuli wa mbele unatetemeka tu, hauitiki.

Sasa fizio wangu anasema kikao kijacho tuanze BFR, kwamba atanifunga mkanda wa hewa juu kabisa ya paja, mkanda wenyewe unafanana na ule wa kupimia presha, anaujaza upepo mpaka damu inapungua kwenda mguuni halafu nafanya mazoezi na uzito mdogo. Mimi nilichokuwa najua ni kwamba msuli unahitaji damu ili ujengeke, sasa huku tena tunaibana? Na kinachonitia hofu zaidi ni habari ya damu kuganda maana baada ya operesheni nilipewa dawa za kuzuia hiyo hiyo kitu. Halafu kuna jamaa yangu wa jim ananiambia hamna haja ya kumsubiri fizio, nichukue bandeji ya kuvutika nijikaze mwenyewe nyumbani nitapata matokeo yale yale. Nishaurini jamani, nataka kurudi kucheza lakini sitaki kuliharibu goti.

Fizio_wa_Magoti

Pole dada Winga, na hongera kwa goti kunyooka maana hilo ndo linawasumbua wengi mwanzoni. Mimi ni fizio na BFR naitumia sana kwa watu wa operesheni kama yako kwa hiyo ngoja nieleze taratibu.

Msuli ili uongezeke nguvu kwa njia ya kawaida unataka uzito mkubwa, kuanzia asilimia 60 au 70 ya ule uzito wa juu kabisa unaoweza kuusukuma mara moja tu. Wewe kwa sasa huo huwezi, ligamenti mpya bado changa, minisikasi imeshonwa, goti likielemewa linajaa maji, na goti likijaa maji mfumo wa neva unauzima msuli wa mbele wa paja ili kulilinda, ndo hiyo unayoiona ya kukaza halafu msuli hauitiki. Basi mtu anakaa wiki na wiki bila mzigo wa maana na msuli unazidi kwisha. BFR inaingia hapo hapo.

Mkanda unapunguza damu ya ateri inayoshuka mguuni, haiikati, na damu ya vena inayotaka kurudi moyoni ndo inazuiwa zaidi. Msuli unafanya kazi huku oksijeni ni kidogo na taka za kazi zinarundikana ndani. Nyuzi za msuli zinazotegemea oksijeni zinachoka mapema, mwili unalazimika kuziamsha zile nyuzi kubwa zenye nguvu ambazo kwa kawaida zinaamka ukibeba chuma kizito. Kwa hiyo kwa uzito wa asilimia 20 mpaka 40 tu msuli unapata kazi ngumu wakati goti lenyewe halijaelemewa. Na damu unayoisema, inarudi kwa kasi mkanda ukifunguliwa, msuli haukai na njaa kutwa nzima, ni dakika chache chache.

Utaratibu unaotumika sana ni seti nne, ya kwanza marudio 30, tatu zinazofuata 15 kila moja, jumla 75, kati ya seti unapumzika sekunde 30 mpaka 60 na mkanda unabaki umejaa. Ukimaliza zoezi hilo mkanda unafunguliwa mguu upumue ndo muende zoezi lingine. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penye kiini chenyewe. Presha ya mkanda lazima ipimwe KWA MGUU WAKO. Kwanza fizio anatafuta presha inayofunga ateri yako kabisa, kwa kifaa cha dopla kinachosikiliza mapigo mguuni au kwa mashine inayojipima yenyewe, halafu mazoezi yanafanyika kwa sehemu tu ya hiyo, kati ya asilimia 40 na 80, miguu mara nyingi tunaenda kuelekea 80. Namba ya mtu mwingine haikufai hata kidogo. Paja nene linataka presha kubwa kuliko paja jembamba, mkanda mwembamba unataka presha kubwa kuliko mpana, na hata ukilala au ukisimama namba inabadilika. Fizio asiyepima, anayejaza upepo kwa kukisia halafu anakuuliza "unasikiaje", usimkubalie.

Kuhusu damu kuganda hofu yako ina msingi na nafurahi umeuliza. Fahamu kwamba kwenye operesheni za goti mara nyingi madaktari wanafunga mkanda kama huo huo pajani na wanazuia damu kabisa, sio kupunguza, tena kwa muda mrefu kuliko dakika zetu hizi. Na kwa watu wenye afya waliopimwa baada ya BFR vipimo vya damu havijaonyesha kwamba inachochea kuganda. Ila aliyetoka operesheni hatari yake iko juu tayari kwa hiyo lazima achunguzwe kwanza, na daktari aliyekupasua ajue na akubali.

Ngazi_Kwa_Ngazi

Mimi nimepitia, goti la kulia, ACL kama wewe. Nikuandae tu kwamba inauma dada, sio goti, ni paja. Seti ya kwanza utaona mbona rahisi, ya pili inaanza kuchoma, ya nne paja linawaka moto unatamani uufungue mkanda mwenyewe. Mguu unabadilika rangi unakuwa mwekundu mwekundu, ukifunguliwa ile damu inavyorudi ni raha ya ajabu. Fizio wangu aliniambia kuchoma kwa msuli na uchovu ni kawaida ila nikisikia ganzi, au vidole vya mguu vinachomachoma kama sindano, au maumivu makali pale mkanda ulipo, niseme hapo hapo na yeye anafungua bila kubishana.

Kilichonipa moyo ni kwamba goti halikuvimba. Kabla ya hapo tukijaribu kuongeza uzito kwenye mashine ya kusukuma kwa miguu kesho yake goti limejaa, tunarudi nyuma tena. Kwa BFR nilikuwa natoka nimechoka hoi lakini goti limetulia, na hiyo kitu kichwani inasaidia sana maana unaanza kuuamini tena mguu wako. Usiogope, ila nenda kwa huyo fizio, bandeji ya jamaa yako achana nayo.

Kocha_Chuma

Naongezea upande mwingine maana naona watu wanaisifia BFR mpaka mtu atadhani ndo dawa ya goti. Mimi ni kocha wa viungo, nafanya kazi na wachezaji wanaorudi kutoka majeraha, na naipenda kwa kazi yake. Kazi yake ni DARAJA, inakuvusha kipindi ambacho huwezi kubeba mzito. Ikishafika siku goti lako linaruhusu uzito mkubwa basi beba uzito mkubwa, hapo mkanda hauna la kukuongezea. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020, waliwafunga watu wa ACL mkanda halafu wakawafanyisha kwa uzito mkubwa wa asilimia 70, paja halikupata faida yoyote ya ziada kuwapita waliobeba huo uzito bila mkanda.

Na kwa siku za mwanzo kabisa pia majibu hayafanani. Wajapani mwaka 2000 walichapisha kazi yao, waliwafunga wagonjwa mkanda wakiwa wamelala tu kitandani bila zoezi, dakika tano umefungwa tatu umefunguliwa, mara tano, asubuhi na jioni, kuanzia siku ya tatu baada ya operesheni, na mapaja yao yalinywea kidogo kuliko ya wenzao. Wanorwe 2016 wakajaribu njia inayokaribiana na hiyo wakiongeza na mazoezi mepesi, hawakuona tofauti. Kwa hiyo akikuahidi mtu paja halitanywea kabisa anakudanganya. Palipo na nguvu kwa mtazamo wangu ni kipindi ulichopo wewe. Waingereza 2019 walilinganisha uzito wa asilimia 30 na mkanda dhidi ya asilimia 70 bila mkanda kwa watu wa ACL iliyotengenezwa kwa kano ya nyuma ya paja, wiki nane, mara mbili kwa wiki, unene wa msuli na nguvu vikaongezeka karibu sawa ila wa mkanda goti liliwauma kidogo na kuvimba kidogo kuliko wenzao. Ni kile kile anachosema Ngazi hapo juu.

Jambo la mwisho na naomba ulishike. Paja likirudi unene sio kwamba ligamenti imepona. Mkanda hauiharakishi ligamenti, ina muda wake wa miezi na mazoezi ya paja hayaupunguzi huo muda. Wachezaji wengi wanajiangalia paja limejaa wanarudi uwanjani mapema na goti linakatika tena. Subiri angalau miezi tisa tangu operesheni, na nguvu ya mguu huo ipimwe ifike asilimia 90 au zaidi ya nguvu ya mguu usioumia, pamoja na vipimo vya kuruka na kutua.

Binti_Winga

Asanteni sana wakuu yaani nimeelewa kuliko nilivyoelezwa kliniki. Nina maswali mawili. Moja, hiyo ya bandeji mmesema niache lakini kwa nini hasa, maana jamaa anasema yeye anaifanya kwa mikono miaka na hajapata shida. Mbili, kwenye familia yetu kuna selimundu, mimi sijawahi kuumwa ila sijui kama nina chembe yake, na natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Hivi vina uhusiano wowote?

Fizio_wa_Magoti

Vina uhusiano mkubwa, tena umefanya vizuri sana kusema.

Selimundu kwanza. Chembe za damu za mwenye selimundu zinajikunja umbo pale oksijeni inapopungua, na BFR kazi yake ndo hiyo, kupunguza oksijeni mguuni. Mwenye ugonjwa hafungwi mkanda. Aliyerithi upande mmoja tu pia mimi simfungi mpaka daktari wake aseme. Nenda ukapime kabla ya kikao, ni kipimo cha damu cha kawaida. Vidonge vyenye estrojeni vinaongeza uwezekano wa damu kuganda, haimaanishi huwezi kufanya BFR, ila daktari na fizio wajue wapime jumla ya hatari yako, usivikatishe mwenyewe. Wengine wanaotakiwa kusimama kwanza ni aliyewahi kupata donge la damu mguuni au kwenye mapafu, mwenye presha ya juu isiyodhibitiwa, mwenye ateri za miguu zilizoziba, mjamzito, mwenye saratani, mwenye maambukizi au kidonda kibichi kwenye mguu huo, na mwenye mguu unaovimba kwa maji ya limfu.

Bandeji sasa. Jamaa yako ana mikono mizima, haijapasuliwa. Bandeji haikuambii umekaza kiasi gani, leo umekaza kidogo hupati kitu, kesho umekaza sana umefunga ateri yote na wewe hujui, tena ni nyembamba inachimba sehemu moja na neva zinapita hapo hapo. Wewe una mguu uliotoka operesheni. Hapana.

Nesi_wa_Zamu

Naomba niongeze kwa upande wa wodini maana hapa ndo watu wanachelewa. Kigimbi kikianza kuuma na kuvimba upande mmoja, kikawa cha moto, hasa maumivu yanayoendelea hata ukipumzika, usikisugue na usingoje kikao kijacho, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukipata na kukosa pumzi ghafla au kifua kuuma hiyo ni dharura ya dakika hiyo. Kingine, baada ya mazoezi ya BFR hasa mara za kwanza kama mkojo umekuwa mweusi wa rangi ya kola na misuli inauma kupita kiasi na imevimba, nenda pia, inaweza kuwa msuli umevunjika vunjika na uchafu wake unaumiza figo. Ni nadra lakini imeshatokea, kwa hiyo mara za kwanza msianze na mazoezi mengi kwa pamoja, na kunywa maji ya kutosha.

Binti_Winga

Nimeshapanga kwenda kupima damu kwanza na nitampigia daktari kuhusu vidonge. Sasa wakinikubalia, na hii minisikasi iliyoshonwa, ni mazoezi gani tutaanza nayo? Na nitajuaje kama tumezidisha?

Fizio_wa_Magoti

Kwa minisikasi iliyoshonwa fuata kikomo cha daktari wako, wengi hawaruhusu kukunja goti na uzito kupita digrii 90 kwa wiki za mwanzo, na mkanda haubadilishi hicho kikomo hata kidogo. Kwa kawaida naanza na kukaza msuli wa mbele wa paja mguu ukiwa umenyooka, halafu kuinua mguu ulionyooka ukiwa umelala, baadaye mashine ya kusukuma kwa miguu kwa kukunja kidogo na uzito mwepesi, mwishoni kupanda ngazi fupi. Kama msuli bado hauitiki kabisa mwombe fizio akuwekee barafu kwenye goti kabla ya zoezi na mashine ya umeme ya kuamsha msuli, maana mkanda peke yake hauwashi msuli uliozimwa na goti lililojaa.

Kuzidisha utakujua kesho yake asubuhi. Pima mzunguko wa goti kwa utepe, sehemu ile ile kila siku. Paja kuuma siku moja mbili ni sawa. Goti likiongezeka au likakataa kunyooka kama jana, kikao kinachofuata mnapunguza mazoezi, na kama halijashuka mnaahirisha.