Wauza spika, acheni kutuchezea volyumu!

Wakuu, huu mtindo wa kulinganisha spika dukani sasa ni uhuni. Mteja anakalishwa, muuzaji anabonyeza kitufe kutoka A kwenda B, B inapaa, mteja anasema "hii ndiyo yenyewe", analipa. Kilichomvuta ni ukubwa wa sauti tu, na muuzaji anajua!

Someni karatasi ya vipimo. Namba ya dB (desibeli) pale ni ukubwa wa sauti ambayo spika inatoa kwa wati 1, ukipima mita 1 mbele yake. Spika ya 85 dB na ya 91 dB zikiwa kwenye amplifaya moja, volyumu ileile, zimeachana 6 dB. Wati 5 kwenye hiyo ya 91 zinatoa sauti ambayo ya 85 itaifikia kwa wati 20. Tofauti ndogo tu ya 1 dB huwa wengi hawaisikii kama kelele zaidi. Wanasikia besi imejaa na waimbaji wamesogea mbele. Sasa hapo ni 6! Halafu kuna namba za ujanja: wengine wanapima dB hizo kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Volti 2.83 ni wati 1 kwenye spika ya ohm 8 (ohm ni ukinzani wa umeme), ila kwenye ya ohm 4 ni wati 2. Ya ohm 4 inapata 3 dB za bure kwenye karatasi, kisha tunaambiwa haihitaji amplifaya yenye nguvu. Ni kinyume kabisa, inavuta mkondo mwingi zaidi. Wati za PMPO, zile namba kubwa za kilele, siziongelei, zile ni mapambo ya boksi.

Kusawazisha hakuna ugumu wowote. Zima loudness (kitufe cha kukuza besi), rudisha besi na treble katikati, zima sabufa. Piga noizi ya pinki, ule mvumo kama wa mvua, kwenye spika moja tu. Weka kipimo cha sauti pale kichwa cha msikilizaji kinapokaa. Hata programu ya simu inatosha, maana unatafuta tofauti tu, simu isisogee. Andika namba ya volyumu inayokupa 75 dB kwa A, kisha tafuta ya B, zisipishane zaidi ya nusu desibeli. Wale wanaosawazisha kwa multimita kwenye nyaya wanapoteza muda: volti sawa zinafaa kulinganisha amplifaya, kwa spika zinakurudisha kwenye tatizo lilelile.

Kinachoudhi kuliko vyote ni mpangilio. Spika wanayotaka iondoke inakaa kwenye kona, kuta mbili na sakafu zinaipandishia besi. Nyingine inaachwa mita 1 kutoka ukuta wa nyuma, ambapo mwangwi wa ukuta huo unakata sauti karibu na Hz 86, palepale ngoma inapopigia, halafu wanasema "hii besi yake nyepesi". Lete zote mahali pamoja, kwa zamu, twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio. Kagua na nyaya: spika moja ikigeuzwa chanya na hasi, besi inatoweka na mwimbaji hajulikani yuko wapi. Likitokea hilo kwenye jozi ya bei rahisi tu, mimi siiti bahati mbaya.

Tena sikilizeni spika moja moja kwanza, kasoro hujificha zikiwa mbili. Chagua sauti ya mwanamke isiyo na vikorombwezo, au taarabu yenye qanuni iliyorekodiwa vizuri. Twita mbovu inaigeuza qanuni kuwa bati. Badilisha ndani ya sekunde chache, kwa sababu kumbukumbu ya sauti haidumu.

Na wekeni pazia! Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio ambamo spika zilezile zilipewa alama tofauti wasikilizaji walipoziona na zilipofichwa. Macho yalipendelea kubwa na za gharama. Miaka yote hiyo, na bado tunauziwa ubao unaong'aa na koni ya njano.

Anayejua duka linaloruhusu mteja aje na kipimo, asogeze spika na kuzifunika kitambaa chepesi, aweke hapa mji na mtaa.